Goli Huanzia Jikoni

Mimi ni fundi wa sauti. Si wa nguo, si wa mabomba, wa sauti. Mtu ana nyumba ya vyumba vitano, anataka taarifa ya habari ianzie sebuleni, imfuate chumbani, imkute bafuni akiwa na povu usoni, na kote isikike kwa pamoja kama inasemwa na mtu mmoja. Hiyo ndiyo kazi yangu. Wanaume wa mtaa wetu walicheka walipomwona mwanamke anapanda ngazi na waya umezungushwa begani. Walicheka mpaka wakachoka, mimi nikaendelea kupanda. Sasa wananiita Masikio, na wakiwa na shida wananiita Fundi Masikio, kwa adabu zote.

Watu hawaielewi kazi hii. Wanadhani spika ikishawaka, imewaka. Thubutu! Spika ya sebuleni imeungwa kwa waya, sauti inafika papo hapo. Ya jikoni haina waya, inapokea hewani, na kabla haijafumbua mdomo imeshapoteza kidogo. Hicho kidogo jicho halikioni, lakini ukisimama kwenye kizingiti kati ya vyumba viwili unamsikia mtangazaji anajirudia, neno juu ya neno, mpaka kichwa kinagonga. Hapo ndipo watu huniambia, "Fundi, iharakishe basi hiyo ya jikoni." Haiharakishwi! Hakuna mashine duniani ya kumharakisha aliyechelewa. Unachoweza ni kumwambia aliyetangulia asubiri. Unaichelewesha ya sebuleni, kidogo kidogo, mpaka yule wa nyuma amfikie. Nyumba nzima inakwenda kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote. Nimeshalieleza hilo kwa watu wengi mpaka nimekauka koo.

Kupima, wenzangu wanatumia simu. Simu ninayo, na programu ya kupimia ninayo, ila naiuliza baada ya sikio, si kabla. Nimejirekodi nikipiga kofi moja. Pa! Nalitoa kwenye spika zote kwa mpigo, nasimama mlangoni, nafumba macho. Nikisikia pa-pa, bado. Nikisikia pa moja tu, nakusanya vyombo vyangu na kuaga.

Kwangu mwenyewe nina chumba kimoja na spika moja. Hakuna cha kulinganisha na chochote. Watu wakiniuliza mbona kwako hujafunga mitambo, nawajibu mganga hajigangi, wanacheka na mimi nacheka. Ukweli ni kwamba vyumba vingi vinataka watu, na tangu yule bwana aliyekuwa mume wangu achukue kabati lake na kwenda zake, mlango wangu naufungua mwenyewe na kuufunga mwenyewe. Lakini hatukuja hapa kuongea habari zangu. Nataka kumwongelea Mzee Mizani, na kosa nililomfanyia.

Simu ilitoka kwa binti yake, nesi anayeishi ng'ambo. Alinipata kwa mtu niliyemfungia spika.

"Dada fundi, mama yetu alituacha mwezi wa nane huu sasa," akaniambia. "Baba yuko peke yake kwenye nyumba nzima. Nikimpigia simu, nyuma yake nasikia kimya. Kimya, dada! Usingizi haunijii. Nataka asikose sauti popote alipo. Akienda jikoni imfuate, akienda kulala imfuate. Na hivyo vikorokoro vya zamani viondoe vyote, vimejaa vumbi tu."

Nikamwambia pole, nikamwambia asiwe na wasiwasi, nikaenda.

Mzee Mizani jina alipewa na wenye maduka. Miaka thelathini alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani na sanduku la vipimo vya chuma, anaweka kilo yake juu ya mizani yako, na kama mizani inasema kilo na robo, umekwisha. Wanasema kofia yake ikionekana kwenye kona, mtaa mzima unasikia vitambaa vinasugua sahani za mizani. Hakupokea hata peremende. Watu walimheshimu, watu walimwogopa, na hakuna aliyewahi kumwambia karibu ukae. Mtu wa namna hiyo akistaafu hana kijiwe. Rafiki yake alikuwa mkewe, basi.

Nilimkuta amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni, viatu vinang'aa, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Saa tatu ulisema, na saa tatu umefika. Vizuri."

Nikampenda hapo hapo, kusema kweli. Mtu anayejua saa tatu ni saa tatu.

Nilifanya kazi siku mbili. Sebuleni nilifunga spika mbili, moja kila upande wa televisheni, chumbani moja, barazani moja, bafuni moja ndogo isiyoogopa maji. Nikafika jikoni. Jiko lilikuwa dogo, dirisha juu ya sinki, na juu ya dirisha rafu ya mbao. Juu ya rafu kulikuwa na redio. Redio gani ile! Mafuta ya miaka yote yameganda juu yake, ubavu mmoja umeyeyuka kidogo kwa sufuria ya moto, na kitufe cha sauti kilishapotea zamani, mahali pake pamechomekwa kifuniko cha dawa ya meno. Kwenye kioo cha stesheni mtu alikuwa ametia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, ili mshale usipotee njia.

Nikageuka. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Mzee, hii tunaiacha?"

Akaitazama ile redio. "Binti yangu amesema viondolewe," akasema.

Mtu mwenye akili angeuliza, na wewe mwenyewe unasemaje? Sikuuliza. Nilikuwa na spika yangu nyeupe mpya mkononi, na rafu ile ilikuwa kama imetengenezwa kwa ajili yake. Nikaitia redio kwenye boksi na kuiweka mlangoni pamoja na waya chakavu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi nilikuwa nausifu msala kwa mwenye mbachao.

Mwisho nikapiga kofi langu. Pa! Nyumba nzima, pa moja. Nikamwita mzee asimame kizingitini, nikalirudia. Akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza.

"Imekaa sawa," akasema. "Sawa kabisa."

Sifa kutoka kwa mkaguzi wa mizani, ndugu yangu! Nilirudi karakana ninaelea. Siku ile ile nikaifungua ile redio. Ganda lilikuwa limechoka, lakini spika ya ndani ilikuwa nzima, zile za zamani zenye sumaku nzito. Jirani yangu kinyozi redio yake ilikuwa inakoroma, nikaichomoa spika ile na kumfungia. Ganda na matumbo yake nikavisukumia chini ya meza.

Wiki moja haijaisha, simu.

"Fundi, jikoni hakujakaa sawa."

Nikaenda. Nikapiga kofi. Pa moja. Nikaiuliza na simu, simu ikasema kama sikio.

"Mzee, pako sawa."

"Labda ni mimi," akasema, akanisindikiza hadi getini.

Wiki ya pili, simu tena. "Fundi, samahani sana mwanangu. Jikoni bado."

Nikaenda na spika nyingine. Nikabadilisha, nikaishusha kwenye rafu nikaiweka juu ya kabati, nikairudisha kwenye rafu. Pa moja, pa moja, pa moja. Mzee alisimama pale pale mlangoni akiangalia mikono yangu. Akasema asante. Ile asante ilikuwa ya mtu anayemwonea mwenzake huruma, na hilo ndilo lililonichoma.

Wiki ya tatu simu ilipolia nikaona jina lake, kichwa kikapata moto. Kama ningetulia ningeona kwamba simu zake zote zilikuwa zinakuja Jumamosi jioni, mpira ukishaisha. Lakini mwenye hasira haangalii kalenda. Asubuhi ya Jumapili nilibisha hodi, na salamu yenyewe niliitoa kama naidai.

Nikaingia moja kwa moja jikoni. Pa! Nikarudia. Pa! Nikamwekea simu mbele ya macho yake.

"Mzee, soma hapa. Soma kwa sauti. Vyumba vitano, tofauti hakuna. Mimi kazi hii nimeifanya miaka kumi na nne, sijawahi kurudi nyumba moja mara tatu. Wewe ni mtu wa vipimo, hebu niambie, kilo ni kilo, ama si kilo?"

Mzee akavuta kiti cha jikoni, akaketi. Akafungua kifungo cha juu cha shati. Sikuwahi kumwona amefungua kifungo.

"Ni kilo," akasema. "Shida yangu ni hiyo hiyo kilo."

"Sikuelewi."

"Kaa, mwanangu."

Nikakaa juu ya boksi langu la vifaa, bado nimevimba.

"Marehemu mke wangu," akasema, "mpira hakuujua. Mpaka anaingia kaburini hakujua kuotea ni nini. Lakini kila mechi alikuwa anafungulia redio hapa jikoni, na mimi niko kule sebuleni na televisheni. Sasa wewe unajua redio na televisheni."

Nilijua. Nani asiyejua? Televisheni inapandisha mambo juu mpaka setilaiti, inayashusha, inayapitisha kwenye king'amuzi, na huku redio imeshasema na kumaliza. Redio inatangulia sekunde nne, sekunde tano.

"Basi yeye goli analipata kabla yangu," mzee akaendelea. "Mtangazaji wa redio akipiga kelele tu, na yeye anapiga kelele. 'Lishaingiaaa!' Na mimi kule mshambuliaji wangu hata mpira hajaupata! Namwambia, nyamaza wewe, sijaona! Nimekwambia mara ngapi! Halafu mimi naliona goli, limeshapoa, na yeye anakuja mlangoni na mwiko mkononi, anasema, 'Kwani sasa hujaliona?' Kila mechi. Miaka thelathini na moja sikuwahi kuona goli ambalo sikulijua."

Akacheka. Kicheko kikakatika njiani.

"Sasa naona magoli mapya kabisa. Hakuna anayenitangulia. Jikoni wanasema, sebuleni wanasema, chumbani wanasema, wote sekunde moja. Kila nikiingia chumba, najikuta ni mimi tu. Wiki ile ya kwanza timu yangu ilifunga, nikageuza uso huku jikoni kabla sijashangilia. Nikangoja. Fundi, nilingoja mpaka wakaanza tena kati."

Hasira yangu ilitoka yote, sijui ilipitia wapi. Nikabaki na aibu.

"Mbona hukusema, baba?"

"Ningesemaje? Mwanangu anafanya kazi usiku na mchana kule aliko, ananiletea hivi vitu vizuri, nimwambie sivitaki? Na wewe je? Mimi, mtu niliyefunga maduka ya watu kwa gramu hamsini, nikuombe uniharibie kipimo?" Akatazama ile spika yangu nyeupe juu ya rafu. "Nilidhani labda unaweza kuifanya ya jikoni itangulie. Kidogo tu. Wewe mwenyewe usingejua kwa nini."

Haiwezekani, nikamweleza. Mashine yangu inajua kuchelewesha tu, tena kwa kiasi cha kupepesa jicho. Kumtanguliza mtu haijui.

Akaitikia kwa kichwa. Akafunga kifungo chake. Halafu, akitazama meza, akauliza, "Ile redio bado unayo?"

"Ipo," nikasema. "Iko karakana."

Ganda lilikuwepo, kweli. Nilikuwa nimempimia mtu wa mizani kilo yenye gramu mia tano.

"Jumamosi kuna mechi," akasema. "Saa kumi."

"Jumamosi nitaileta."

Nilitoka pale mbio. Nilikuwa nimeuchinja mdomo wa mke wa mtu na kumpa kinyozi.

Kinyozi nilimkuta na mteja, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, na redio inaimba kwa spika ile. Nikamwambia nimefuata spika.

"Spika ipi?"

"Hiyo inayoimba."

"Masikio, una homa? Unaning'oa koo mbele ya wateja?"

"Nitakupa mpya. Mbili. Kubwa kuliko hiyo."

"Mpya sitaki, hii ina besi ya kiutu uzima. Juzi ulisema ni zawadi, leo unaidai. Mtoa zawadi na kuidai anaota kijipu machoni."

"Niote hata viwili. Naomba spika."

Akaendelea kunyoa. Ikabidi nimweleze, mbele ya yule mteja wa nusu kichwa, habari ya mzee, ya mkewe, ya goli. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na mbele. Kinyozi akazima mashine yake. Ana mdomo mrefu kuliko mtaa huu, lakini siku ile hakubisha tena. Akanyoosha mkono, akazima redio, akaitoa ukutani, akanipa nzima nzima.

"Fungua mwenyewe, usije ukaichana," akasema. Na nilipofika mlangoni: "Masikio! Hizo mbili kubwa sijasahau!"

Siku tatu nilikaa na redio ile juu ya meza. Wateja wengine niliwaambia warudi wiki ijayo. Spika niliirudisha, nikaunga nyaya nilizozikata, nikakuta nyingine ambayo sikuikata ila ilikuwa imeliwa na kutu, nikaibadilisha. Mafuta sikuyafuta. Nilishika kitambaa mara mbili nikakiacha. Ijumaa nikaiwasha, nikauvuta mshale polepole hadi kwenye nukta nyekundu, na redio ikaongea, sauti nene yenye mkwaruzo, kama mtu aliyeamka na mafua. Nilikaa nikaisikiliza mpaka kipindi kikaisha. Niliporudi chumbani kwangu hakukuwa na wa kumwambia kwamba imepona.

Binti yake nilimpigia pia. Niliona nikimficha nitakuwa nimefanya kosa la pili. Nikamwambia spika ya jikoni nitaizima, na kwamba redio ya mama inarudi mahali pake, na kwa nini.

Akaniomba nirudie habari ya mwiko, nikairudia.

"Mimi nilidhani ule ugomvi wao ulikuwa unamkera baba," akasema. "Toka utotoni nilikuwa nawaonea haya kwa majirani." Nikasikia anavuta pumzi. "Redio ni mimi niliyesema itolewe."

"Ni wewe uliyesema, ni mimi niliyeitoa," nikamwambia. "Tugawane."

Jumamosi nilifika saa tisa na nusu. Mzee alikuwa ameshaisafisha ile rafu, na kiti cha jikoni amekisogeza nipate pa kupandia. Nikaiweka redio. Alitazama ubavu ulioyeyuka, akatazama nukta nyekundu, kisha akatazama kitufe cha sauti. Nilikuwa nimemtafutia kipya, cheusi, kinang'aa, kinakaa vizuri kabisa.

"Hicho sicho," akasema.

Kile cha zamani kilikuwa kimeangukia huko sakafuni kwangu, kimefagiliwa. Nikaanza kuomba radhi. Hakungoja. Akaenda bafuni, akarudi na dawa ya meno, akafungua kifuniko, akakichomeka. Kikakaa upande kidogo. Akakizungusha kwa vidole viwili, kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka sauti ikafika mahali alipopataka. Dawa yenyewe aliiacha juu ya sinki, mdomo wazi.

"Alikuwa anaiweka hapo," akasema. "Zaidi ya hapo jirani analalamika."

Nikaichomoa spika yangu nyeupe kwenye umeme. Saa kumi kamili mzee akaenda sebuleni kwenye kiti chake, mimi nikabaki jikoni nakusanya vifaa.

Nisiwafiche, kwa sikio langu ile ilikuwa adhabu. Jikoni mtangazaji wa redio anakimbia mbele, sebuleni wa televisheni anamfuata sekunde tano nyuma, wanapishana majina, wanapishana kona, mmoja anasema mpira umetoka na mwingine bado unachezwa. Yote niliyopigana nayo miaka kumi na nne yalikuwa yananipigia kelele kichwani. Nikauma mdomo, nikazungusha waya wangu.

Kipindi cha kwanza kilikwisha bila kitu. Nilikuwa na kila sababu ya kuondoka, lakini nikajidai natafuta bisibisi.

Dakika ya sitini na kitu, yule wa redio akapandisha sauti. Akapandisha tena. Halafu akalipuka, gooooli, mpaka kile kifuniko cha dawa ya meno kikatetemeka.

Na kutoka sebuleni:

"Nyamaza wewe! Sijaona! Nimekwambia mara ngapi!"

Haikuwa sauti ya Mzee Mizani niliyemjua. Ilikuwa sauti ya mwanamume wa miaka arobaini, ameshiba, ana mtu wa kugombana naye. Nikafumbua mdomo kuomba radhi kwa kelele. Ndipo nikatambua kwamba hakuwa ananiambia mimi. Nikaganda pale, bisibisi mkononi, mguu mmoja umetangulia. Kama ningeangusha hata msumari mmoja, angekumbuka kwamba jikoni kuna fundi.

Nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Televisheni ikanguruma.

"Nilishajua," mzee akasema, taratibu. "Hata kuotea hukujui, na bado unaniwahi."

Kisha akanyamaza. Nami nilijua anangoja nini, maana alishaniambia mwenyewe. Hapo ndipo alipokuwa anatokea mtu mlangoni na mwiko, anauliza, kwani sasa hujaliona? Maneno hayo yalikuwa kwenye ulimi wangu. Mepesi kabisa, mtu yeyote angeweza kuyasema. Niliyameza. Hayakuwa yangu.

Redio ikaendelea, televisheni ikaifuata.

Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikafungua mlango wa nyuma pole pole kama mwizi na kutoka. Mimi si mtu wa kulia. Nililia kuanzia pale getini mpaka kona ya kinyozi, na kinyozi aliponiuliza wamefungana ngapi, nilimpita na viatu vyangu bado mkononi.

Jumatatu binti yake alinipigia. Alisema baba amemwambia jikoni sasa kumekaa sawa, sawa kabisa. Boksi langu la vifaa nililisahau kule, chini ya sinki. Nitalifuata siku isiyo na mechi.